Darasa la Tatu: Kila Mtoto Afanye Kazi, Kila Kipindi

Umepewa Darasa la Tatu. Hongera, na jipange. Hapa ndipo mtoto anapotoka kwenye KKK za madarasa mawili ya mwanzo na kukutana na rundo la masomo: Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo. Kipindi kinapanda kutoka dakika 30 hadi 40. Vitabu vinanenepa, picha zinapungua. Mtoto anayesoma kwa kusuasua anaanza kupotea kwenye masomo yote kwa mpigo, kwa sababu hata swali la Hisabati sasa limeandikwa kwa sentensi tatu.

Mwakani watoto hawa watafanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ule wa NECTA. Kwa hiyo mwaka wa kuziba mapengo ni huu. Unaweza kuyaziba hata kama una watoto 70 na madawati hayatoshi. Mbinu nitakazokupa ni za shule ya kawaida ya serikali, yenye ubao, chaki na vitabu vya kugawana. Zote zinashika jambo moja: katika kila kipindi, kila mtoto afanye kitu kwa mkono wake au kwa mdomo wake mwenyewe. Darasa zima kuitikia "ndiyooo mwalimu" hakuhesabiki. Kwenye kiitikio hicho wamo ishirini wanaoelewa, na hamsini wanaofuata sauti.

Jua nani anasoma na nani amekariri

Wiki ya kwanza, kabla ya mada mpya, msikilize kila mtoto akisoma peke yake.

Andaa karatasi moja yenye sehemu nne: silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne fupi, na hadithi ya mistari kumi hivi yenye maswali mawili. Tunga mwenyewe, usinukuu kitabu cha darasa. Wapo watoto waliokariri kitabu cha Darasa la Pili kuanzia jalada hadi jalada. Watakusomea vizuri huku macho yao yako dirishani.

Keti nje ya mlango au chini ya mwembe. Mwite mmoja mmoja. Mwanzishe kwenye aya. Akiisoma bila kukwama, mpandishe kwenye hadithi na umuulize yale maswali mawili. Akikwama, mshushe kwenye maneno, kisha kwenye silabi. Dakika mbili zinatosha. Watoto 14 kwa siku ni chini ya nusu saa, na kufikia Ijumaa umemaliza wote 70. Waliobaki ndani wape kazi ya kuchora nyumbani kwao na kuandika majina ya vitu walivyochora.

Mbele ya kila jina weka herufi moja: S kwa aliyeishia kwenye silabi, M kwa maneno, A kwa aya, H kwa hadithi. Orodha hiyo ndiyo dira yako ya mwaka. Itunze ndani ya andalio la somo, usiibandike ukutani. Mtoto asijue kwamba yeye ni "S".

Halafu tenga dakika 20 kila siku, mara baada ya kutoka mstarini, za kusoma kwa makundi. Makundi yafuate ile orodha, na yape majina ya miti: Mnazi, Mbuyu, Mwembe, Mkorosho. Mtoto anayesoma aya akae na wa aya, hata kama rafiki yake yuko kwenye hadithi. Dakika 20 hizo zikiisha, kila mmoja anarudi kwenye dawati lake la kawaida.

Kundi la silabi linahitaji kadi. Kata maboksi ya dukani vipande vidogo, andika silabi kwa maka peni, changanya. Kazi yao ni kuunda maneno halisi: ka na ta, kata, ba na ta, bata. Wakishazoea, waletee zinazowasumbua zaidi: mba, nda, nga, ng'o, nya, mbwa, cha, sha. Waandike neno waliloliunda, kisha wasomeane. Wewe keti na kundi hili angalau siku tatu kwa wiki. Hawa ndio wanaokuhitaji, na hawa ndio wepesi kunyamaza nyuma ya darasa.

Kundi la maneno wape sentensi zilizokatwakatwa wazipange upya. Kundi la aya wasome wawili wawili: mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kidole na kumsimamisha anapokosea, kisha wanabadilishana. Kundi la hadithi wasome kimya, halafu waandike maswali matatu ya kuwauliza wenzao. Wakiwahi kumaliza, wawili kati yao waende kusaidia kundi la silabi. Wasaidie kwa kuuliza, si kwa kumtajia mwenzao jibu. Wafundishe tofauti hiyo siku ya kwanza.

Kila mwisho wa mwezi rudia kumsikiliza kila mtoto, kwa karatasi mpya. Anayepanda, mhamishe siku hiyohiyo na mpigieni makofi. Mtoto aliyekaa miezi miwili bila kusogea, zungumza na mzazi wake. Inawezekana haoni vizuri, hasikii vizuri, au hafiki shuleni siku za gulio.

Usikimbilie kumsahihisha kila kosa. Mtoto akikosea neno, hesabu kimya hadi tatu. Wengi hurudi wakajisahihisha wenyewe. Asiporudi, mwonyeshe silabi iliyomkwaza na umwache alisome neno zima tena.

Kama darasa lako linachanganya r na l, usilicheke. Ni matamshi ya nyumbani, na yanarekebishika kwa mazoezi. Andika ubaoni jozi za maneno ambamo herufi hiyo moja inabadili maana: kula na kura, mahali na mahari. Tamka moja, watoto wainue mkono wa kulia kwa r na wa kushoto kwa l. Fanya hivyo dakika tatu kila siku kwa wiki mbili. Kwa dh na th tumia maneno wanayoyataja kila siku: dhahabu, adhabu, thelathini, thamani. Waonyeshe ulimi unakokaa katikati ya meno. Watacheka, na watakumbuka.

Waandike habari zao wenyewe

Kunakili kutoka ubaoni hakumfundishi mtoto kuandika. Mikono inafanya kazi, akili imepumzika.

Jaribu habari ya asubuhi. Kila siku mtoto mmoja anasimama na kutoa habari moja ya kweli: mbuzi wetu amezaa mapacha, daraja limejaa maji, mjomba amekuja kutoka Mwanza. Wewe iandike ubaoni kama alivyoisema. Darasa liisome pamoja, kisha kila mtoto aongeze sentensi moja yake kwenye daftari: jambo ambalo angependa kumuuliza msimuliaji, au jambo linalofanana lililowahi kutokea kwao. Dakika kumi zimekupa kusikiliza, kusoma na kuandika. Orodhesha zamu kwa kufuata daftari la mahudhurio ili wasiojitokeza nao wafikiwe.

Imla iwe fupi na ya mara kwa mara. Maneno matano na sentensi moja, mara mbili kwa wiki. Chagua maneno kutoka kwenye somo la Sayansi au Jiografia la wiki hiyo, si maneno ya kubahatisha. Wabadilishane madaftari na kusahihishiana huku wewe ukiandika majibu ubaoni. Aliyekosa aandike neno hilo ndani ya sentensi yake mwenyewe. Kuandika neno moja mara hamsini kama adhabu kunamchosha tu. Ukimwuliza wiki ijayo, atalikosea tena.

Kuhusu kusahihisha: huwezi kupitia madaftari 70 kila siku kwa makini, na usijidanganye kwa kupiga vema bila kusoma. Gawa darasa mara tano. Jumatatu chukua madaftari ya kundi la kwanza, Jumanne la pili, na kuendelea. Siku ya mtoto ikifika, soma kazi yake yote na uandike neno moja la kumwelekeza: "Anza sentensi kwa herufi kubwa." "Habari ya mbuzi ni nzuri, malizia ilikuwaje." Mtoto akijua mwalimu amesoma kweli, ataandika zaidi.

Vitendawili ni mazoezi bora ya kuandika maelezo. Waache watunge vyao. Chagueni kitu kilichomo darasani, kwa mfano chaki au kengele, waandike sifa zake mbili bila kukitaja jina. Ijumaa jioni tegeaneni. Hakuna mtoto anayesinzia mtu anaposema "Kitendawili!" na wengine "Tega!"

Na kabla hujasema vitabu hakuna: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake, na kuvisoma ni bure. Pakua kwenye simu unapokuwa na mtandao, nakili aya moja kwenye karatasi kubwa ya manila, ibandike. Darasa zima lina maandishi ya kusoma.

Hisabati iguswe kwanza, iandikwe baadaye

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi wa Darasa la Tatu wanapoachwa.

Mwambie mtoto ajumlishe 47 na 38. Wapo watakaokuandikia 715. Amejumlisha 7 na 8 akapata 15, akaiandika yote. Akajumlisha 4 na 3 akapata 7, akaiweka mbele. Mwingine, ukimpa 52 kutoa 27, atakuletea 35, kwa sababu ameona 2 haitoi 7 akageuza akatoa 2 kwenye 7. Hawa si wavivu. Wanafanya kazi kwa bidii wakifuata kanuni ambayo hawajui imetoka wapi. Alama ya mkasi haiwasaidii.

Dawa ni vijiti. Kila mtoto alete vijiti vya kuhesabia: njiti za ufagio, vijiti vya miti, hata mirija ya soda iliyooshwa. Funga kumikumi kwa uzi. Fungu moja ni kumi, kijiti kilichobaki peke yake ni mamoja. Sasa 47 ni mafungu manne na vijiti saba. 38 ni mafungu matatu na vijiti vinane. Changanya. Vijiti vilivyo huru ni 15. Hapo usiseme kitu. Subiri. Mtoto mmoja ataona kwamba kumi kati ya hivyo vinafungika. Wakishafunga, fungu jipya linahamia kwa wenzake, na vijiti vitano vinabaki: 85. Ndipo uandike ubaoni ile moja ndogo juu ya makumi. Sasa wanaijua, ni lile fungu walilolifunga wenyewe.

Kwa kutoa, ni kinyume. 52 ni mafungu matano na vijiti viwili. Unataka kutoa saba kwenye viwili, haiwezekani, basi fungua fungu moja. Una mafungu manne na vijiti 12. Toa saba, baki vitano. Toa mafungu mawili, baki mawili: 25. Fanyeni hivyo kwa mikono siku tatu au nne kabla ya kuandika. Utaona unachelewa kwenye azimio la kazi. Ni sawa. Muda huo utarudi utakapofika kwenye mamia, maana mafungu kumi yakifungwa pamoja yanakuwa mia, na mtoto hahitaji kufundishwa upya.

Kosa lingine la kuwinda ni sufuri. Mwambie aandike elfu tatu na tano. Utapata 305, 30005 na hata 3000,5. Chora ubaoni nyumba yenye vyumba vinne: maelfu, mamia, makumi, mamoja. Chumba kisicho na mtu lazima kiwekwe sufuri mlangoni. Toa namba kwa mdomo, watoto waandike sakafuni kwa chaki au mchangani kwa kidole. Wewe pita katikati. Kwa mtazamo mmoja unaona nani amepata, na hakuna daftari la kusahihisha.

Sasa fungua duka la darasa. Watoto walete maganda matupu: paketi za chumvi, za majani ya chai, sabuni, kiberiti. Bei wasitunge, wakaulize dukani kwao na waje nazo. Chora pesa kwenye karatasi ngumu: sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500, noti za 1,000 na 2,000. Wawili wawe wauza duka, wengine wateja, na kila mteja awe na daftari la kuandika alichonunua, jumla na chenji.

Jambo la kufundisha hapa ni namna ya kurudisha chenji. Mteja amenunua chumvi ya 700 na kiberiti cha 100, ametoa noti ya 2,000. Mwuza duka asikimbilie kalamu. Aanzie 800, aongeze sarafu ya 200 kufikia 1,000, aongeze noti ya 1,000 kufikia 2,000. Chenji ni 1,200. Halafu wote waandike 2,000 kutoa 800 waone jibu ni lile lile. Mtoto anayetumwa dukani kila jioni atang'ara siku hiyo, hata kama hajawahi kupata vema kwenye Hisabati. Mpe nafasi ya kuwaeleza wenzake.

Kuzidisha nako kuna njia ya kwetu: bao. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Chora kwa chaki sakafuni, tumia kokoto. Kabla hawajacheza, uliza. Kila mchezaji anamiliki safu mbili. Ana mashimo mangapi? Kete 64 zikigawanywa kwa wachezaji wawili, kila mmoja ana ngapi? Weka kete nne kwenye kila shimo la safu moja, zipo ngapi? Watajibu 16, 32, 32, na watakuwa wamezigusa. Mdako nao unafaa kwa wanaojifunza kugawa: kokoto 12, zidakwe mbilimbili, tatutatu, nnenne. Jedwali la kuzidisha waliimbe pia, hakuna ubaya. Ila mtoto akisema "nne mara nane ni thelathini na mbili", aweze kukuonyesha kwa kokoto.

Saa inawachanganya kwa sababu mshale mfupi uko kwenye 8 na sisi tunasema saa mbili. Wape njia hii: tazama mshale mfupi, kisha soma namba iliyo upande wa pili, mkabala nao. Mkabala na 8 kuna 2. Mkabala na 7 kuna 1. Mkabala na 12 kuna 6, ndiyo saa sita. Kata duara la boksi, toboa katikati, weka mishale miwili ya kadi kwa pini. Kila kengele ya shule ikigongwa, mtoto mmoja aipange saa ya darasa. Kufikia Pasaka wote wanasoma saa. Ukifika kipindi cha Kiingereza, waambie wasome namba ile ile ambayo mshale umeigusa.

Tokeni nje

Sayansi ya ubaoni inasahaulika. Chukua chupa nne za maji zilizokatwa, pamba na maharage. Ya kwanza iwe na pamba yenye unyevu, dirishani. Ya pili iwe na unyevu lakini ndani ya kabati lenye giza. Ya tatu iwe kavu. Ya nne maharage yazamishwe kabisa kwenye maji. Kabla ya yote, kila mtoto aandike anachotarajia katika kila chupa. Wasipoandika utabiri wao, wataangalia tu bila kufikiri.

Ndani ya wiki moja, ile ya kwanza itakuwa imeota. Ya gizani nayo huota, tena hurefuka haraka, lakini ina rangi ya njano iliyopauka. Hapo ndipo mjadala unapowaka, kwa sababu wengi wametabiri haitaota. Ile kavu haioti, na yaliyozama mara nyingi huoza. Kila siku kikundi kimoja kipime kwa rula na kiandike kwenye jedwali ukutani. Umefundisha Sayansi na vipimo vya sentimita kwa chupa nne.

Kwenye Jiografia na Mazingira, anza na uwanja wa shule. Asubuhi wasimame wakitazama jua; mbele yao ni mashariki, vivuli vyao vinaelekea magharibi, kushoto ni kaskazini, kulia ni kusini. Warudie jioni waone vivuli vimehamia wapi. Kisha wachore ramani: wapime kwa hatua kutoka ofisini hadi chooni, kutoka chooni hadi bombani, na wahesabu mraba mmoja wa daftari kuwa hatua kumi. Ramani za kwanza zitakuwa na vituko. Wabadilishane, kila mmoja ajaribu kufika mahali kwa kufuata ramani ya mwenzake. Anayepotea anarudi na kumwambia mwenzake kilichokosekana.

Historia ya Tanzania na Maadili inapata uhai mgeni akiingia. Mwalike mzee mmoja wa mtaa au bibi wa mmoja wa wanafunzi. Siku moja kabla, watoto waandike maswali: kijiji hiki kilipataje jina? Shule ilikuwa wapi zamani? Watu walivukaje mto? Wamsalimie kwa heshima, wamkaribishe kiti, wamsikilize. Maadili hayo hayahitaji tena kipindi cha nadharia.

Kiingereza kianze mwilini. Toa amri fupi zinazotendeka: simama, keti, fungua mlango, nipe kalamu nyekundu. Wewe tenda nao mara tatu, kisha wabaki wenyewe. Baada ya wiki mbili, mtoto ndiye anayetoa amri na wewe unatii. Usiwacheke matamshi.

Utulivu bila fimbo

Darasa la watoto 70 linapiga kelele. Tofautisha kelele ya kazi na kelele ya uvivu. Ya kwanza iache.

Kubalianeni ishara moja ya kunyamaza. Unapiga makofi kwa mdundo, wao wanaujibu, kisha mikono inatua mezani. Ifanyieni mazoezi siku nzima ya kwanza kama mchezo. Baada ya hapo usipandishe sauti. Mwalimu anayepiga kelele hufundisha darasa kupiga kelele.

Fimbo iweke kando kabisa kwenye kusoma na kuhesabu. Mtoto anayeogopa hajibu, na asipojibu huwezi kujua amekwama wapi. Unapoteza taarifa uliyoihitaji kuliko zote.

Mpe kila mtoto jukumu: wa chaki, wa kufuta ubao, wa kuhesabu madaftari, wa kumwagilia mche, wa maji ya kunawa mikono. Badilisha kila Jumatatu. Mtundu mpe jukumu kubwa mapema. Na usimpe msichana ufagio huku mvulana akipewa ukiranja. Zungusha zamu zote kwa wote.

Wanaokaa mbele wasiwe wale wale. Anayekunja macho akitazama ubao, au anayegeuza sikio moja, mketishe mbele leo hii na mwambie mzazi ampeleke kituo cha afya. Masomo mazito yaweke asubuhi. Kama shule ina uji, panga kazi za kuandika baada ya uji, si kabla. Mtoto mwenye njaa hawezi kukopa makumi.

Zungumza na nyumbani

Kazi ya nyumbani iwe ndogo na iwezekane bila mwanga wa umeme. Asome dakika kumi kabla ya giza kuingia, akimsomea mama, baba, bibi au dada. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kusaidia: asikilize, kisha aulize, "Halafu ikawaje?" Waeleze hivyo kwenye kikao cha wazazi, tena kwa kuwaonyesha. Mwite mtoto mmoja asome mbele yao na bibi mmoja aulize.

Mtoto akikosa shule siku mbili, jirani yake wa dawati apite kwao na kuuliza hali, kisha umjulishe mzazi kwamba unamtafuta. Akirudi, usimpokee kwa maneno makali mbele ya wenzake. Mpe mwenza wa kumwonyesha walikofika.

Na Novemba, kabla ya kufunga mwaka, msikilize kila mmoja akisoma kwa mara ya mwisho. Andika karatasi moja ya makabidhiano: jina la mtoto, kiwango chake cha kusoma, hesabu anayoiweza na inayomshinda, na jambo moja linalomsaidia. Mkabidhi mwalimu wa Darasa la Nne mkononi, mkae mpitie jina kwa jina. Usimwachie ayagundue mwenyewe Machi, baada ya kupoteza miezi. Watoto wale bado ni wako hadi utakapomaliza kuwaelezea.